Likizo ya Juni, wapeni watoto kitabu cha historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu na wazazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka jana binti yangu wa kidato cha tatu alirudi likizo ya Juni na bunda la maswali ya mitihani iliyopita. Kitabu cha kusoma, hata kimoja hakuna.

Nikampeleka Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa karibu na Iringa. Alisimama kimya mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pua karibu iguse kioo, kisha akauliza: "Mama, kumbe kweli lilipelekwa Ujerumani?" Nikamweleza ninayoyajua: Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuangushwa kwa mizinga mwaka 1894, Mkwawa kujipiga risasi Julai 1898 kuliko akamatwe. Aliposikia fuvu lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi 1954, alitaka kusoma zaidi siku hiyohiyo. Nilizunguka mjini nusu siku nikapata kitabu kimoja kikuukuu, kurasa zimeachia. Tulizishona kwa uzi, akakimaliza kwa siku nne.

Ombi langu ni dogo. Shule ziazimishe kila mwanafunzi kitabu kimoja cha historia likizoni, na Julai akisimulie darasani bila kupewa alama. Walioko Njombe na Songea wawaulize pia wazee walichosimuliwa kuhusu Maji Maji. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Mzazi,
Iringa