Mheshimiwa Waziri, funza wetu wamelala kwenye mabua

Kwa Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Mifugo,
Kilimo House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mkulima mdogo wa Ruai: nusu ekari ya mahindi na vitalu vichache vya sukuma wiki. Ni Februari, vumbi limetanda, na jirani yangu ameegemeza mabua ya msimu uliopita kwenye ua, ng'ombe wake wakiyapunguza polepole. Jana nilimwomba kumi nikayapasua kwa kisu. Manne yalikuwa na funza, weupe kama maziwa, wametulia ndani ya vishimo vyao. Ukiwagusa wanajisogeza kidogo, basi.

Hao ndio funza wa mabua, ambao wengi wetu huwatambua Mei, moyo wa mche ukiwa umeshanyauka. Tunadhani wameletwa na mvua. Kumbe walikuwa hapa hapa kiangazi kizima, hawali, hawakui, wanasubiri. Bua likilowa ndipo wanapoamka. Funza anageuka pupa, pupa inatoa nondo, na nondo anataga mayai kwenye mahindi ambayo bado yana majani machache tu. Mvua inayoamsha mbegu yangu ndiyo inayomwamsha yeye.

Wenzetu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa namna yao. Huko mdudu hujificha majira ya baridi, na hali ya hewa ya miezi hiyo huamua ni wangapi watatoka salama. Theluji, ambayo mimi nimeiona kwa mbali tu kileleni Kirinyaga, ni blanketi kwa mdudu aliyejizika ardhini. Baridi kali isiyo na theluji ndiyo humuua. Kule Uingereza, watafiti wa kituo cha kilimo cha Rothamsted wamekuwa wakinasa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, kwa mitego mirefu ya kufyonza hewa tangu miaka ya 1960. Wamegundua kwamba Januari na Februari zikipata joto la nyuzi 1 zaidi, kidukari anayeeneza virusi vya viazi huanza kuruka takriban wiki mbili mapema. Kwa hiyo mkulima huambiwa kabla hajaingia shambani.

Sisi hatuna majira hayo. Julai ya Nairobi inatuvalisha makoti, lakini haiui kitu. Chukua viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya 2017. Kwao Marekani, baridi huwafagia kila mwaka katika majimbo ya kaskazini, wakabaki kusini mwa Florida na Texas, kisha wakaanza safari upya. Hawajui kulala kama funza wa mabua. Hapa kwetu Julai huwachelewesha tu: kizazi kinachokamilika kwa mwezi mmoja penye joto huchukua miezi miwili au zaidi penye baridi. Na anayemwagilia mahindi ya kuchoma kiangazi, nami nimewahi kufanya hivyo, anawawekea daraja la kuvukia hadi masika.

Mwaka jana nilimwita afisa wa kilimo. Alifika, mtu mwenye adabu na pikipiki isiyo na mafuta ya kutosha, akanitajia dawa ya kununua. Funza walikuwa wameshaingia ndani ya bua, ambako dawa haiwafikii. Nilinyunyiza hata hivyo. Ni pesa niliyomwaga.

Ombi langu si dawa ya ruzuku. Wataalamu wa hali ya hewa wako Dagoretti Corner, juu kidogo tu kwenye Barabara ya Ngong ukitoka ofisini kwako, na kila mwaka hutoa utabiri wa masika kabla mvua haijaanza. Watu wa wadudu wako Kasarani, kwenye taasisi ya ICIPE iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Waketi meza moja kila Januari. Utabiri wa mvua utoke pamoja na utabiri wa wadudu, kwa Kiswahili, kwa ujumbe mfupi wa simu: kiangazi kimekuwa hivi, tazamia funza wiki fulani, kagua moyo wa mahindi yako siku fulani.

Na agizo la mabua litolewe sasa, si Mei. Yakilazwa juani kwa mwezi mmoja badala ya kusimamishwa kwa mafungu, joto huua funza wengi. Yakikatwakatwa kuwa lishe kabla ya mvua, ni vizuri zaidi. Sisemi yachomwe. Ng'ombe wa jirani watakula nini? Lakini mabua hayo hupakiwa kwenye malori na kuuzwa kutoka kaunti moja hadi nyingine, na sijaona anayeyauliza yamebeba nani.

Funza mmoja nimemweka kwenye chupa dirishani pamoja na kipande cha bua lake. Bado amelala. Sijamtilia maji.

Wako mtiifu,
Mkulima, Ruai