Kwa wanaotaka kuanza wiki hii

Habari zenu wapendwa, wengi mmenifuata inboksi mkiuliza mnaanzaje biashara ya mtandaoni na mfukoni hakuna kitu, sasa naandika hapa wote tuone. Kwanza achaneni na mambo ya nembo na tovuti kwa sasa, yanakula hela na hayaleti mteja wa kwanza. Chagua kitu kimoja tu, nasema kimoja, halafu uza kabla hujanunua stoku, yaani unapiga picha sampuli mchana karibu na dirisha, unaandika bei waziwazi (hii ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu jamani, hata mimi huwa napita), unaposti, mtu akilipa ndo unaenda kuchukua mzigo. Ila mwambie ukweli kwamba ni oda na itachukua siku ngapi, na ukikosa mzigo mrudishie hela yake siku hiyohiyo. Wiki 2 zikipita hakuna aliyelipa, badilisha bidhaa, hujapoteza zaidi ya bando.

WhatsApp Business ni ya bure, ina katalogi (orodha ya bidhaa zako na picha na bei) na majibu ya haraka unayoandaa mapema, wekeni laini tofauti na ile ya familia maana mtachanganyikiwa. Hela ya biashara nayo itengwe.

Wenye huduma kama kutafsiri au kufundisha ndo mna nafasi nzuri zaidi, hamna mzigo wa kukaa nao. Kesho kabla ya saa 2 usiku kila mtu aandike hapa kitu chake na bei, tuanze kupitia.