Mwanangu, Kabla Hujaanza Kukusanya Zana za Kufundishia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na habari kwamba mazoezi ya kufundisha yamekaribia imenifurahisha sana. Umeniuliza uanze kukusanya vifaa gani, na kwa kuwa kazi hii nimeifanya miaka mingi, niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Usianze na vifaa. Pitia kwanza azimio la kazi, yaani mpango wa mada zitakazofundishwa, la darasa utakalopangiwa, usome kila mada pamoja na malengo yake, ukijiuliza ni wapi mtoto atakwama, kwa maana hapo ndipo zana inapohitajika. Wengi hununua manila na kalamu za rangi mpaka mkoba unajaa, kisha ndipo wanatafuta somo la kuzitumia. Ukuta unapendeza, lakini mwanafunzi anatoka kama alivyoingia.

Chukua mfano wa kutoa kwa kukopa. Mtoto akiandikiwa 43 kutoa 27, huambiwa akope kwa jirani, naye hukopa bila kujua alichokopa ni nini. Mpe vijiti: mafungu manne ya vijiti kumi kumi, kila fungu limefungwa kwa mpira, na vijiti vitatu vilivyo peke yake. Mafungu mawili atayaondoa bila shida. Kisha atatafuta vijiti saba kwenye vile vitatu, atavihesabu tena, atakutazama usoni, na ukivumilia ukanyamaza, mwishowe ataufungua mpira wa fungu moja kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ana vijiti kumi na vitatu. Anaondoa saba, vinabaki sita na fungu moja, yaani 16. Nakusihi usimfungulie mpira ule, hata kama kipindi kinakwisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba maarifa tunayaweka akilini kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Kwa hiyo, baada ya vijiti, waache wachore mafungu yao daftarini kabla hujawarudisha kwenye tarakimu. Hatua hiyo ya kuchora ndiyo inayorukwa mara nyingi, na mimi naiona kuwa ya lazima.

Basi kusanya vitu vitakavyobeba masomo mengi: vijiti, vizibo, kokoto, kamba, maboksi, magazeti ya zamani. Kusanya vya kutosha kila kikundi, kwa sababu zana moja inayoinuliwa na mwalimu mbele ya darasa huwafaa walioketi mbele tu. Vizibo vya chuma vina kingo kali, hivyo vioshe na uvikague kimoja kimoja. Na ukipangiwa watoto wadogo ambao bado hutia kila kitu mdomoni, vitu vidogo uviache kabisa.

Chati unayoichora, ibandike kisha usimame nyuma kabisa ya darasa uisome. Wino wa manjano kwenye karatasi nyeupe hausomeki kwa mbali. Picha za intaneti zinasaidia, lakini angalia masharti ya mwenye kazi kabla ya kuichapisha. Zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi anayoitoa mwenye kazi, huruhusu kutumiwa bila kuomba kibali, mradi umtaje mwenye kazi na ufuate masharti mengine yaliyoandikwa.

Ukifika shuleni, mwombe mwalimu anayekusimamia akuonyeshe stoo kabla hujatumia fedha yako. Mara nyingi humo mna ramani, mizani na maumbo ambayo hayajaguswa kwa muda mrefu. Kila zana itie kwenye bahasha au boksi lenye jina la mada na darasa, na katika tathmini ya andalio la somo, yaani mpango wako wa kipindi, uandike ilivyofanya kazi: nani alielewa, nini kilipungua.

Niandikie mada ulizopangiwa mara utakapozipata. Vizibo nimekwisha kuanza kukutengea, na vijiti nitavikata vya urefu mmoja ili mafungu yalingane.

Mama yako akupendaye.