Kabla ya kutaja bei ya miti iliyosimama

Ndugu wanakikundi, tunaponunua miti ya kupasua mbao, tusikubali bei ya kuhesabu mashina tu. Pimeni kipenyo cha kila mti mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko, simameni upande wa juu. Mti wa sentimita 30 wenye urefu wa mita 20 hutoa takriban mita za ujazo 0.6, na nusu huishia kwenye mabanzi na unga wa msumeno. Anzieni bei ya mbao sokoni, toeni gharama za kupasua, usafiri, kukata, kuburura magogo na vibali, kisha faida yetu. Kinachobaki ndicho kikomo cha bei ya kumlipa mwenye miti, tafadhali msikivuke. Gongeni shina kwa kisogo cha shoka: likilia kama ngoma, moyo umeoza, mti huo usihesabiwe.