Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima: tuelezwe bei imepanda kwa nini

Kwa Mtendaji Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda,
Kampala.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Oli, Arua. Mimi ni mama mwenye duka la dawa na gari moja, Toyota Noah niliyoinunua mwaka 2021. Ndiyo inayonipeleka Kampala kuchukua mzigo, na ndiyo inayowabeba wazee wetu hospitalini usiku. Tangu niinunue naikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe likiharibika au likiibwa, na sijawahi kuidai kampuni hata shilingi moja.

Mwaka huu, siku 4 kabla ya bima kuisha, wakala alinitumia ujumbe kwenye simu: shilingi 2,769,650, lipa kabla ya Ijumaa. Mwaka jana nililipa 1,939,520. Hilo ni ongezeko la 830,130, na ujumbe haukuwa na neno hata moja la kueleza limetokea wapi. Nikampigia. Kijana wa watu akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mfumo ndio umetoa hiyo bei."

Mheshimiwa, mfumo hauwezi kuwa jibu. Kuna mtu aliuambia mfumo huo uhesabu vile.

Nilitafuta karatasi ya mwaka jana, nikaomba na hesabu kamili ya mwaka huu, nikaziweka pamoja mezani. Mwaka jana gari lilithaminiwa shilingi milioni 40 na ada ya bima ilikuwa asilimia 4 ya thamani hiyo, yaani 1,600,000. Mwaka huu limeandikwa milioni 46 na ada imekuwa asilimia 5, yaani 2,300,000. Kwenye kila hesabu kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.5 ya ada, stika ya 6,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha ushuru wa stempu wa 35,000. Kodi na ushuru ni mambo ya Bunge na Wizara ya Fedha, hayo sikulaumu wewe. Nayataja kwa sababu asilimia 18 inapanda juu ya ada: kampuni ikiongeza 100,000, mimi natoa 118,000.

Kilichoniuma zaidi ni ile milioni 46. Gari limezeeka kwa mwaka mzima, limepiga barabara ya Pakwach na Karuma mara nisizoweza kuhesabu, na hakuna mthamini aliyekuja hata kufungua boneti. Thamani imepandaje? Na thamani hiyo inanifaa nini? Mkataba wangu unasema gari likiharibika kabisa au likiibwa, nitalipwa bei yake ya sokoni ya siku hiyo, hata kama kwenye karatasi imeandikwa nyingine. Kwa hiyo nikilipia milioni 46 kwa gari ambalo sokoni ni milioni 38, hizo milioni 8 za juu nazilipia ada bure. Hakuna siku zitakaponirudia.

Wenzangu wengine wameona dawa ni kushusha thamani ili ada ipungue. Naomba wasomaji wa barua hii wasifanye hivyo. Gari la milioni 40 ukiliandikisha kwa milioni 30, umekata bima ya robo tatu tu. Ukigongwa na matengenezo yakawa milioni 4, kampuni itakuhesabia milioni 3, kisha itakata humo ile sehemu ambayo kila mteja hubeba mwenyewe kwenye kila dai. Wengi hulijua hili wakiwa wamesimama gereji, bodi imeshanyooshwa na fundi anadai hela yake.

Nilikataa kulipa. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaomba mambo mawili: gari likathaminiwe upya, na rekodi yangu ya kutodai ihesabiwe katika kunipunguzia ada. Mthamini alikuja, akalizunguka gari, akasoma kilomita, akaandika milioni 38. Kuhusu rekodi yangu, niliambiwa "haikuingizwa." Miaka yote hiyo, haikuingizwa! Ada ikashuka hadi asilimia 4.5, na jumla ya kulipa ikawa 2,069,969. Barua ya ukurasa mmoja iliokoa karibu shilingi 700,000. Kwangu hizo ni karo ya mtoto.

Ndiyo maana nakuandikia hadharani badala ya kushukuru na kukaa kimya. Mimi nilijua kuuliza kwa sababu kazi yangu ni ya kusoma maandishi madogo kwenye maboksi ya dawa. Je, yule mzee anayepeleka samaki kutoka Panyimur? Je, mwalimu aliyekopa kwenye SACCO anunue Premio? Wanapokea ujumbe kama wangu siku chache kabla ya stika kuisha. Wanajua kuwa kuendesha gari bila bima yoyote ni kosa la kisheria na trafiki watawakamata, basi wanalipa. Au wanafanya lile linalonitisha zaidi: wanaacha bima kubwa na kubaki na ile ndogo ya mtu wa tatu peke yake, inayomfidia tu mtu uliyemgonga.

Hapo naomba unisikilize vizuri. Bima ya mtu wa tatu inatokana na sheria ya mwaka 1989, na kikomo cha fidia kilichowekwa chini yake ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Milioni 1 ya mwaka 1989 na milioni 1 ya leo ni pesa mbili tofauti. Hapa mtaani kwetu kuna kijana wa boda aliyegongwa na gari lenye bima hiyo ndogo tu. Mguu ulivunjika mahali pawili, upasuaji na vyuma vikazidi milioni 4. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameacha bima kubwa mwaka huohuo kwa sababu ya bei, na mfukoni hakuwa na kitu. Mama wa kijana aliuza mbuzi, akauza na kipande cha shamba. Bei ya bima kubwa ikiwashinda wenye magari, mzigo haupotei. Unahamia kwa anayetembea kwa miguu na kwa familia yake.

Na ajali si chache. Polisi wa Uganda waliandikisha ajali 25,107 mwaka 2024, na watu 5,144 walikufa.

Sisemi kampuni zipangiwe bei. Najua spea zinanunuliwa kwa dola na kusafirishwa kutoka Japani na Dubai. Najua tangu 2018 magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa hayaruhusiwi kuingia nchini, na yanayoingia ni ghali zaidi. Najua kuna watu wanaodai ajali ambazo hazikutokea, na wizi huo tunaulipia sote. Kama hizo ndizo sababu za bei yangu kupanda, niandikiwe. Mtu mzima akielezwa anaelewa, hata kama hakufurahi.

Wengine wameshaanza njia hii. Uingereza, tangu Aprili 2017, kampuni ya bima inalazimika kuonyesha kwenye taarifa ya kuhuisha bei uliyolipa mwaka uliopita kando ya bei mpya. Tangu Januari 2022 mdhibiti wao wa fedha amepiga marufuku kumtoza mteja wa zamani wa bima ya gari bei kubwa kuliko ile ambayo angetozwa kama angekuja leo akiwa mgeni. Walikuta kwamba watu waaminifu kwa kampuni moja ndio waliokuwa wakiongezewa kidogokidogo kila mwaka. Hilo likinihusu mimi na jirani zangu, kwa sasa hatuna namna ya kujua.

Kwa hiyo naomba Mamlaka yako itoe agizo, na liwe agizo lenye adhabu. Taarifa ya kuhuisha bima ya gari imfikie mteja angalau siku 30 kabla. Ionyeshe ada ya mwaka jana na ya mwaka huu, thamani ya gari na nani aliyeipanga lini, asilimia ya ada, na kila kodi na tozo kwa mstari wake. Bei ikipanda, sababu iandikwe kwa maneno ya kawaida. Miaka ya kutodai iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na mteja akihama aweze kwenda nayo kwenye kampuni nyingine ikakubaliwa huko.

Kuna pia suala la kulipa kwa awamu. Naielewa kanuni ya "hakuna malipo, hakuna bima," yaani bima haianzi mpaka ulipe, kwa sababu ililetwa kuzuia madeni yaliyokuwa yakizilemea kampuni. Lakini milioni 2 kwa mkupuo mmoja ni nyingi kwa mwenye duka. Ruhusu bima kubwa ya miezi mitatu mitatu, inayolipwa kabla, bila kuifanya iwe ghali mno kuliko ya mwaka. Pesa itaingia kabla ya bima kuanza, kanuni haitavunjwa.

Na karatasi hiyo ya taarifa ya bei iwe na Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na hapa Oli ndiyo lugha ya soko, msikiti na stendi. Mkataba wa kurasa 20 ubaki ulivyo kama ni lazima, lakini ukurasa mmoja wa bei hauwezi kushindikana.

Mamlaka yako ina ofisi ya malalamiko, na sheria ya bima ya mwaka 2017 ilianzisha baraza la rufaa. Wakala wangu hakunitajia hata moja, nami nililijua hilo nikiwa nimeshamaliza ugomvi wangu. Agiza anwani ya ofisi hiyo na namna ya kuifikia kwa simu viwekwe chini ya kila taarifa ya bei, kwa sababu kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500 na hakuna atakayefunga biashara yake siku tatu kwenda kulalamikia 830,130.

Kampuni za bima zinalalamika kila mwaka kwamba Waganda hatukati bima, kwamba ada zote za nchi hazifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Mimi nimekata kila mwaka tangu 2021. Nimelipa tena wiki iliyopita. Bima hii itaisha mwakani, na nitakuwa hapahapa dukani nikisubiri kuona nitaletewa ujumbe au karatasi.

Wako kwa heshima,
Mama mwenye duka la dawa,
Oli, Arua.