Jumamosi ya watoto na punda

Assalaam alaikum wazazi wenzangu, habari za jioni?

Jumamosi hii watoto wetu watawahudumia punda wa mtaa. Tukutane Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali. Saa 3 tunamaliza.

1. Kila mtoto aje na gunia la kuokotea plastiki vichochoroni. Punda hula mifuko pamoja na maganda ya matunda, ikamziba tumbo akafa.
2. Watoto wakubwa watachota maji ya punda. Beseni ziwe safi tafadhali. Juzi mwanangu alipeleka maji kwenye debe la rangi, punda akanusa, akageuza uso!
3. Mchango sh. 100 kwa mtoto, wa glavu na sabuni. Mpeni mweka hazina.

Watoto wasisimame nyuma ya punda, wala wasiguse vidonda. Wakiona punda mwenye jeraha la tandiko watuambie sisi watu wazima, tumpeleke kliniki ya punda. Matibabu ni bure, wenye punda wasiogope.

Nahitaji pia watu wazima wanne wa kusimamia. Naomba kila mzazi athibitishe hapa kabla ya Alhamisi baada ya Isha: jina la mtoto na umri wake.

Shukran sana.