Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu walimu wanachama,

Semina za Aprili na Agosti zilifanyika, kikao na maofisa elimu kilifanyika, na mwongozo wa ramani za kidijitali, niliouandika mwenyewe, mnao kwenye simu zenu. Sitayarudia.

Uamuzi wa kamati wa kuhamisha kazi za wanafunzi kutoka Google My Maps kwenda uMap, zote tovuti za kutengeneza ramani, umezua maneno mengi, mengi nje ya vikao. My Maps inataka akaunti ya Google, ramani moja haizidi matabaka 10 (tabaka ni kundi la alama linalowekwa peke yake juu ya ramani), na programu yake ya simu za Android ilifungwa 2021. Darasa la vikundi 12 lenye simu tatu za kuazima lingefanyaje? Kwa uMap mwalimu hahitaji akaunti: anafungua ramani, anatunza kiungo cha siri cha kuhariri, kisha anaingiza faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye safu za lat (latitudo) na lon (longitudo), kila kikundi na tabaka lake. Kiungo kikipotea ndiyo basi, hivyo kiandikwe kwenye daftari la idara.

Wanaosema uMap "ilihamishia visima vya Dar es Salaam Ethiopia", visima walivyoviweka wanafunzi kwenye ramani, wanatuonea. Sisi tuko kusini ya ikweta. Alama ya kutoa ikisahaulika, latitudo ya -6.8 inakuwa 6.8 na nukta inaangukia Ethiopia. Mwingine akiweka lat mahali pa lon na lon mahali pa lat, kisima kinatokea Hispania. Tena 6°48′ ni 6.8, si 6.48, maana nyuzi moja ni dakika 60; kosa hilo pekee ni kilomita 35 hivi. Programu yoyote ingefanya vivyo hivyo. Desimali ziwe tano, na mwanafunzi atoke chini ya bati, asubiri duara la bluu linaloonyesha alipo kwenye ramani ya simu lisinyae ndipo asome. Nyumba za wanafunzi zisiwekwe kwenye ramani. Hili nililisema tangu mwanzo.

Mkutano mkuu ulihudhuriwa na 19 kati ya wanachama 74, na wapingaji wakubwa hawakuonekana. Ada ya 20,000 wamelipa 27, jumla 540,000. Ukumbi, chai na uchapaji vimekula 485,000. Salio, 55,000, halinunui hata bando la semina moja.

Mwakani, Mungu akipenda, tungependa kuwaalika vijana wa vyuo walioshiriki mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam, na pengine kupata GPS za mkononi.

Wadaiwa wamwone mhazini kabla ya chai.